Draivu ya tepu LTO-6 ndani ya seva ya ofisi, miezi saba Kisumu: naisifu, lakini uliza kadi kwanza

Kama uko Kisumu, Kakamega ama Busia na wewe ndio unaangalia seva ya ofisi ndogo, soma hii kabla hujatuma pesa. Nimekaa na hii draivu miezi saba sasa, LTO-6 ya ndani (LTO ni aina ya tepu za kuhifadhi data ya kompyuta, 6 ni kizazi chake), ile fupi yenye inaingia pale DVD hukaa, na naipenda kusema ukweli. Ila kuna kitu kimoja ningekijua mapema ningeokoa wiki mbili na nauli: draivu yenyewe haina shida, shida iko kwa kadi ya kuiunganisha na seva. Nitafika hapo.

Mi niko kwa sacco ya wakulima wa miwa, ofisi kubwa iko hapa town na branchi ndogo Kakamega. Mwezi wa nne mwaka jana, mvua ya jioni, na watu wa huku mnajua radi ya upande wa ziwa ilivyo, ikapiga karibu sana na ofisi, UPS ikalia mara moja ikanyamaza. Asubuhi seva haiwaki. Tulikuwa na diski tatu za RAID 5 (diski zilizounganishwa zifanye kazi kama moja), mbili zimekufa, na RAID 5 inavumilia kufa kwa diski moja tu, kwa hivyo hapo hakuna kitu. Na hata ile diski ya USB tuliyokuwa tunaiita bakapu nayo imekufa, kwa sababu ilikuwa imechomekwa hapohapo kwa seva mchana na usiku, stima ni moja na radi ni moja. Kilichobaki ni flashi ya mhasibu yenye data ya miezi mitatu nyuma.

Hiyo miezi mitatu tuliiandika upya kutoka kwa risiti za wanachama. Mama mmoja kutoka Miwani alifungua pindo la leso juu ya kaunta, risiti zake zote zimo, zimekunjwa ndogondogo, zingine maandishi yamefifia mpaka unaziinamisha kwa mwanga wa dirisha ndio usome, akaniuliza polepole, "Mwanangu, kwani nyinyi hamkuandika?" Sikuwa na jibu la kumpa. Siku hiyo nikaamua lazima tuwe na bakapu yenye haijashikana na stima.

Ndio maana tepu. Kaseti ukishaitoa kwa draivu inakaa kwa boksi lake kama kitabu, radi haiifikii, na hivi virusi vya kufunga mafaili na kudai pesa haviwezi kuigusa. Wengine waliniambia weka kwa klaudi. Sawa, lakini laini yetu ya kupakia ni megabiti 10 kwa sekunde, na tuna karibu terabaiti mbili za skani za vitambulisho, fomu za mikopo na tiketi za mizani. Piga hesabu, ni zaidi ya siku 18 mfululizo bila laini kukatika hata dakika moja. Haiwezekani.

Draivu niliinunua ya mtumba iliyofanyiwa ukaguzi, 58,000, ikatumwa na basi kutoka Nairobi. LTO-6 ilitoka 2012, si mpya, lakini kaseti zake bado zinapatikana, kila moja tulinunua 4,500, na inabeba terabaiti 2.5. Ukiangalia boksi utaona wameandika 6.25 kwa herufi kubwa, usidanganyike na hiyo, hiyo ni kama data yako inaweza kubanwa mara mbili na nusu, na skani za JPEG na PDF tayari zimebanwa, haziteremki tena. Hesabu 2.5 basi.

Sasa kufunga. Fundi niliyemtumia ni kijana wa hapa Kisumu, ana kibanda kidogo cha kurekebisha laptopu, na huyo kijana ni mtu wa kazi. Alikuja Jumamosi baada ya saa nane tukiwa tumefunga ofisi, tukazima seva, tukatoa nyaya zote mbili za pawa (seva zina pawa saplai mbili, ukitoa moja tu bado iko hai), tukaiweka juu ya meza. Kwanza ukitoa kifuniko cha plastiki cha mbele kuna bati nyuma yake, watu wengi hawajui, wanasukuma draivu inakwama wanafikiria haitoshei. Hilo bati unalikunja huku na huku mpaka linakatika, na uangalie vidole, lina makali. Halafu skrubu. Mi nilikuwa nimebeba skrubu za kawaida za kompyuta kutoka kwa droo, akaziangalia akanirudishia, "Omera, hizi ni nene, zitaharibu uzi." Draivu za ukubwa huo zinataka M3, na ziwe fupi, ndefu inaweza kuingia ndani ikagusa mashine. Yeye alikuwa amekuja na zake kwa kikopo cha filamu. Hapo ndio nikajua nimepata fundi.

Ikaingia vizuri, akafunga skrubu nne, nikaona mambo yameisha. Hapana. Waya niliouziwa pamoja na draivu ulikuwa wa SATA, ule wa diski za kompyuta za kawaida, na draivu hii ni ya SAS, aina ya vifaa vya seva. Ukiangalia kwa haraka tundu la SAS na la SATA yanafanana kama mapacha, lakini kwa SATA kuna pengo kati ya upande wa data na upande wa pawa, na kwa SAS hilo pengo limezibwa kwa plastiki, kwa hivyo waya wa SATA haushiki hata ufanye nini. Alinionyesha na tochi ya simu. Usilazimishe, utavunja. Unataka waya wenye kichwa cha SFF-8482 upande wa draivu, kile kipana chenye kimeshikanisha data na pawa pamoja, na upande wa kadi ni kile kichwa cha bati cha SFF-8087. Huo tulingoja siku tano, 2,800. Pawa yake tulichukua ile iliyokuwa ya DVD.

Waya ukafika, tukachomeka kwa kontrola ya RAID iliyokuwa kwa seva. Draivu ikawaka kijani, kaseti ikaingia, ikavutwa ndani na ile sauti yake, kwanza klak, halafu inazungusha polepole ikitafuta mwanzo wa mkanda. Kila kitu kinakaa sawa. Lakini Linux haioni kitu! lsscsi, ile amri ya kuorodhesha vifaa, inaonyesha diski tu. Tukazima tukawasha, tukabadilisha tundu, tukajaribu kaseti nyingine, bado. Saa mbili zimepotea hapo.

Hii ndio naomba uikumbuke. Kontrola nyingi za RAID hazipitishi tepu. Zimetengenezwa kushika diski na kuzificha nyuma ya RAID, tepu si diski, kontrola inaiona haiijui inaiacha hapo. Unahitaji kadi ya SAS ya kawaida isiyo na mambo ya RAID, HBA, ama kadi ya aina ya LSI 9211-8i ama 9207-8i yenye imewekewa fimuwea (programu ya ndani ya kadi) ya IT, hiyo inapitisha kifaa moja kwa moja mpaka kwa mfumo. Na seva yako iwe na nafasi ya kuchomeka kadi, PCIe x8, iliyo wazi. Muuzaji alijua ni seva gani niko nayo, nilimtumia hadi picha, na hakusema neno kuhusu kadi. Hilo limeniuma, ju angesema ningeinunua hukohuko kwake na ingekuja na basi moja. Kadi nikaipata kwa mtu mwingine, 7,500, wiki moja zaidi. Tulipoiweka, sekunde ya kwanza tu lsscsi ikaandika tape, na /dev/st0, jina la draivu ya tepu kwa Linux, ikatokea. Fundi akapiga makofi mara moja akaanza kukusanya vifaa vyake.

Kutumia sasa. Ukiandika kwa st0, tepu inajirudisha mwanzo ikimaliza kila kazi. Ukiandika kwa nst0, jina la pili la draivu hiyohiyo, inabaki pale ilipofika. Mwenzangu aliandika bakapu ya hifadhidata kwa st0, halafu akaandika ya skani kwa st0, na ya pili ikalala juu ya ya kwanza, hifadhidata ikaenda. Tuligundua siku hiyohiyo kwa sababu tulikuwa tunasoma kila kitu tukimaliza, ingekuwa sivyo ningekuwa naandika hadithi nyingine. Kwa hivyo nst0, na kabla ya kuandika unauliza mt -f /dev/nst0 status ujue uko faili namba ngapi.

Spidi ni nzuri, megabaiti 160 kwa sekunde, kaseti nzima inajaa kwa saa nne na kitu. Lakini lazima ulishe haraka. Hizi skani zetu ni vifaili vidogo laki kadhaa, na seva ikivisoma kimoja kimoja, data inafika kidogo kidogo, mkanda unasimama, unarudi nyuma, unaanza tena, unasikia kabisa ile kwenda na kurudi, na hiyo inachosha mkanda na kichwa cha draivu. Siku hizi usiku natengeneza kwanza faili moja kubwa ya tar, yenye inakusanya vyote, kwa diski, asubuhi naisukuma kwa tepu ikiwa nzima na bloku (kipande cha data kinachoandikwa kwa mara moja) kubwa ya 256K badala ya ile 10K ya kawaida, na sauti imekuwa moja tu ya kuvuma.

Kila Ijumaa kaseti moja inaenda branchi ya Kakamega. Mesenja wetu anaibeba kwa mfuko wa ndani ya koti, ndani ya boksi lake gumu, anapanda matatu hapa stage, na ikifika inafungiwa kwa kabati la chuma. Hapa msicheze. Kaseti ni ndogo kama kiganja na ndani kuna vitambulisho na mikopo ya watu wote, ikianguka Chavakali mtu akaiokota ni majina ya watu yako barabarani, na sheria ya kulinda data ya 2019 inakuangalia wewe uliyeibeba. Draivu za LTO kuanzia LTO-4 zinaweza kusimba data zenyewe kwa AES ya biti 256 bila kupunguza spidi, kwa Linux kuna programu ya stenc ya kuiwekea ufunguo. Iwashe. Ufunguo usisafiri na kaseti, sisi tumeuchapisha mara mbili, moja iko kwa sefu hapa, nyingine mwenyekiti anajua iko wapi.

Kusafisha, nunua kaseti moja ya kusafishia, inatosha karibu mara 50, na uitumie taa ya kusafisha ikiwaka tu, si kila wiki, inakwaruza kichwa. Sisi imewaka mara moja. Seva tuliitoa sakafuni kwa sababu draivu inavuta hewa kutoka mbele na vumbi la barabarani linaingia ofisini kila mlango ukifunguliwa.

Kila mwisho wa mwezi nachagua mwanachama mmoja bila mpango, narudisha faili yake kutoka kwa kaseti ya Kakamega mpaka kwa kompyuta nyingine, naifungua, nalinganisha salio. Mara ya kwanza nilitafuta ya yule mama wa Miwani. Ikafunguka, tiketi zake zote za miwa ziko, hata ile iliyofifia tuliyoiskani mara tatu. Nilikaa nayo kwa skrini kitambo.

Nisichopenda: kelele wakati wa kupakia kaseti, na hii mambo ya vizazi. LTO-6 inasoma kaseti za LTO-4 na LTO-5 na kuandika LTO-5, hiyo nzuri, lakini mbele ni kugumu, LTO-7 itasoma za kwetu na kuziandika, LTO-8 haizisomi kabisa. Kwa hivyo ukinunua LTO-6 leo jua ukihama baadaye ama unapitia LTO-7 ama unaweka draivu ya pili ya LTO-6 kwa kabati. Mi nimeomba bajeti ya ya pili, ikae Kakamega, kwa sababu kaseti bila draivu ya kuisoma haikusaidii siku seva ya hapa ikiungua yote.

Draivu naipa nyota tano. Muuzaji mbili na nusu, kitu alichotuma kilikuwa kizima na kilifungwa vizuri kwa sponji, lakini alinyamaza pale alipofaa kusema. Fundi tano, na alichukua 3,000 kwa safari tatu, nikamwongeza.

Halafu kama seva yako ni ile nyembamba ya kuingia kwa raki, pengine haina nafasi ya inchi 5.25 mbele, hii ya ndani haitaingia. Tafuta LTO-6 ya nje yenye kisanduku chake na pawa yake, na hapo kadi iwe ya tundu la nje, SFF-8088.