Jumamosi ya Ujiji na mtoto wa miaka minne, kwa chini ya shilingi 15,000

Nianze na pesa, maana ndilo swali la kwanza. Mimi na binti yangu wa miaka minne na nusu tulitoka nyumbani Mwanga, hapa Kigoma mjini, saa mbili asubuhi tukarudi saa nane mchana, na siku nzima haikufika shilingi 15,000. Humo kuna nauli, kiingilio cha makumbusho, vitumbua, chakula cha mchana na maji chupa mbili. Naandika kwa sababu wazazi wa Kigoma tunalalamika kila siku kwamba mji huu hauna pa kumpeleka mtoto. Nami nililalamika hivyohivyo mpaka Septemba hii.

Mimi ni fundi cherehani. Wiki nzima mtoto anashinda miguuni pangu akichezea vipande vya vitambaa, kwa hiyo Jumamosi nimemwekea yeye. Kabla ya Ujiji nilimpeleka sehemu moja ya mapumziko kando ya ziwa, sitaitaja jina. Getini nikaambiwa mtoto analipa sawa na mtu mzima. Bembea zilikuwa mbili, moja imekatika mnyororo. Nikaagiza chipsi mayai, tukangoja hadi mtoto akasinzia juu ya meza, na chooni hakukuwa na tone la maji. Muziki ulipigwa kwa sauti kubwa hivi kwamba akitaka kuniambia kitu ilibidi anivute sikio. Siku ile zilitoka 32,000, na mimi najua gauni ngapi nimeshona kupata hela hiyo. Iliniuma.

Wiki mbili baadaye nikasema twende Ujiji. Nimezaliwa Kigoma, na makumbusho ya Livingstone niliyaona mara moja tu, nikiwa darasa la tano, tumepangwa mstari na mwalimu ameshika fimbo. Sikuwahi kufikiri ni mahali pa kwenda na mtoto mdogo.

Daladala za Ujiji zinapita Mwanga tangu alfajiri. Nilimpakata, nikalipia kiti kimoja. Mwambie konda akushushe njia ya Livingstone, halafu unatembea. Na hapo hapo matembezi yameshaanza, kwa sababu Ujiji ni mji wa kutembea kwa miguu: nyumba za zamani zenye baraza, wazee wamekaa na vikombe vya kahawa, akina mama wanakaanga vitumbua mlangoni, na kila unayempita anasubiri salamu. Binti yangu ana haya, lakini kufika nyumba ya tano alikuwa ameshazoea. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu, umetoka wapi?" "Kwenye cherehani." Mzee alicheka, akampa kipande cha kashata. Vitumbua tulinunua vinne, vya moto, tukala tunatembea.

Makumbusho yenyewe yako ndani ya uwanja wenye miti mikubwa. Tulilipa kiingilio, na cha Mtanzania ni nafuu sana kuliko cha mgeni kutoka nje. Hapa ndipo mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipomkuta mmisionari David Livingstone mwaka 1871, baada ya kutembea kutoka Bagamoyo kwa miezi mingi. Kuna mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika na msalaba ndani yake, na miembe miwili ambayo inaelezwa imetokana na ule mwembe waliokutana chini yake, wenyewe ukiwa umekufa zamani. Ndani kuna sanamu za wale wawili wakisalimiana. Mtoto alizizunguka mara tatu, akaniuliza kwa nini hawamalizi kusalimiana.

Sasa niseme jambo ambalo mzazi anatakiwa kulijua kabla hajafika. Kuna picha za watumwa. Ujiji ilikuwa mwanzo wa ile njia ndefu ya misafara iliyopita Tabora hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000, na watu walitembezwa wamefungwa minyororo, wamebebeshwa pembe za ndovu. Ukutani maelezo yapo, lakini mtoto wa miaka minne hasomi, anaangalia. Aliangalia picha moja muda mrefu, kidole mdomoni, kisha akauliza, "Mama, hawa wamefanya nini mpaka wamefungwa?"

Nilikwama. Ningeweza kumvuta tuendelee mbele. Mzee aliyekuwa anatutembeza ndiye aliyeniokoa. Alichuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa, akamwambia, "Hawakufanya kosa lolote, mjukuu wangu. Watu wabaya wenye tamaa ndio waliowafunga." Kisha akamshika mkono akamtoa nje mpaka kivulini, akamwonyesha mwembe. Akamweleza kwamba miembe mingi iliyo kwenye njia ile iliota kwa sababu watu walipita wakila maembe na kuacha kokwa, na wengine walipanda wapate kivuli. "Ukiuona mwembe mkubwa njiani, ujue kuna mtu alipita akiwa amechoka." Mtoto aliugusa mti kwa viganja vyote viwili, kama anavyogusa tumbo la shangazi yake mjamzito. Siku hizi tukipita Barabara ya Lumumba pale mjini, yenye miembe pande zote mbili, ananihesabia. Sijui shule ya awali gani ingemfundisha hivyo kwa dakika tano, na yule mzee namshukuru kwa moyo wangu wote.

Ndani ilitosha nusu saa. Usimlazimishe zaidi. Mtoto akianza kuvua viatu, ujue amemaliza.

Ndipo tukashuka ziwani, na hapa nataka nikae kidogo, maana hiki ndicho sikukitegemea na hakina kiingilio. Ufukweni Ujiji kuna mafundi wa kutengeneza boti za mbao. Si boti ndogo tu, kuna zile kubwa za kubeba mizigo na abiria kwenda vijijini, mbavu zake zimesimama hewani kama za ng'ombe mkubwa. Niliomba ruhusa kwa fundi mmoja, nikamwambia mtoto anataka kuangalia. Akasema, "Karibu dada, ila akae upande huu, kule kuna misumari." Akatuwekea ubao kivulini mwa boti yenyewe.

Alikuwa anakalafati, yaani anaziba nyufa za boti. Anachukua nyuzi za pamba zilizopakwa mafuta, anazisokota kati ya viganja ziwe kamba nyembamba, anaiweka kwenye ufa kati ya mbao mbili, halafu anaishindilia kwa patasi butu na nyundo ya mti. Tok, tok, tok, anasogea kidole kimoja, tok, tok, tok. Mafundi wawili wakipiga kwa pamoja inakuwa kama ngoma. Binti yangu, ambaye sehemu ya bembea alidumu dakika kumi, alikaa pale saa nzima. Mimi nimezoea uzi na sindano, na nilivyoangalia ufa ule ukijaa pamba niliona ni ushonaji uleule: ukiacha nafasi moja tu, maji yatapita kama upepo unavyopita kwenye mshono mbovu. Fundi alimpa mtoto nyuzi kidogo akasokota. Ikatoka kamba nene, ina kichwa kama kiluwiluwi. Fundi hakuitupa. Aliigawanya, akasokota upya nusu yake, akaishindilia kwenye ufa mbele ya macho yake, akasema, "Hii ni sehemu yako. Boti hii ikienda Kalemie, na wewe umekwenda." Kalemie iko ng'ambo, Kongo. Mtoto akaangalia maji, akaangalia ule ufa, hakusema neno.

Ufukwe ule wa mafundi haufai kuogelea, na mvalishe mtoto viatu vilivyofunika vidole, kwa sababu ya misumari na vipande vya mbao. Saa sita jua linakuwa kali na kivuli ni cha boti tu. Beba kofia. Chakula tulipata kwa mama lishe aliye jirani, ugali wa muhogo na samaki mgebuka wa mchuzi wa mawese. Nilimwomba sahani ya mtoto akanipimia nusu kwa nusu bei bila kukunja uso. Miiba nilichambua mwenyewe.

Nikipewa nyota tano, Ujiji naipa nne na nusu. Nusu iliyobaki naikata kwa sababu ya jua.

Tangu hapo tumekwenda na kwingine, nitasema kwa kifupi.

Kibirizi, asubuhi ya dagaa. Hii ni nauli tu. Nenda mapema, saa moja hivi, mitumbwi inaporudi. Akina mama wanatandaza dagaa kwenye vichanja na mchangani, na zikimulikwa na jua unaona uwanja mzima unang'aa. Angalia mwezi kwanza: wavuvi wanavua kwa taa usiku wa giza, kukiwa na mbalamwezi dagaa hazifuati taa, na wengi hawaendi ziwani. Sisi mara ya kwanza tulifika mwezi ukiwa mpevu tukakuta vichanja vitupu na mbuzi wawili. Vilevile ziwa likifungwa kwa uvuvi, kama lilivyofungwa mwaka 2024 kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, usihangaike. Tulinunua kisado kimoja cha kupikia, kwa hiyo siku ile ilijilipia.

Kwa Jakobsen, ufukwe wa kuogelea njia ya Katonga. Kuna kiingilio na bajaji ya kwenda na kurudi inakula hela, basi sisi tumepanga iwe mara mbili kwa mwaka, tunabeba chakula chetu kwenye hotipoti. Maji ni meupe, unaona samaki wadogo wenye mistari wakizunguka mawe, mtoto akisimama kwenye maji ya magotini anaweza kuwahesabu. Lakini mzazi usikae na simu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu zaidi, na kando pia linaweza kushuka ghafla. Hatua tatu unagusa, ya nne hugusi. Mimi nakaa ndani ya maji, mtoto yuko kati yangu na mchanga, wala simwachi upande wa kina hata nikiwa nacheka naye. Popote utakapotaka kuogelea, waulize wenyeji kuhusu mamba kwanza. Na usimwingize mtoto kwenye maji yaliyotulia yenye majani karibu na makazi, konokono wa kichocho wanapenda huko. Mtoto wa jirani yangu alikojoa damu, akapimwa, akapewa dawa, akapona, ila mama yake alilia wiki nzima.

Hifadhi ya Gombe, ya sokwe, wengi wananiuliza, kwa kuwa ni kilomita 16 tu kaskazini na boti zinatoka hapahapa Kibirizi. Kwa mtoto wa umri huu, ngojeni. Watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe porini, na sababu ni nzuri: mafua yetu ya kawaida yanaweza kumuua sokwe. Binti yangu nimemwahidi akikua.

Na stesheni, siku ya treni. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na jengo la Wajerumani bado limesimama, zuri kweli. Tunakaa nje ng'ambo ya barabara na karanga za shilingi 500, tunangoja watu washuke na mizigo yao. Mtoto anabahatisha nani ataleta nini kwenye gunia. Treni ikichelewa, karanga zinaisha, tunarudi.

Ila anachokiulizia kila usiku ni boti. Fundi alisema ikishapakwa mafuta na rangi, baada ya wiki tatu hivi, wataisukuma majini juu ya magogo, na watu wa mtaa wote watakuja kuvuta kamba, hata watoto wanaruhusiwa kushika mwisho wa kamba. Namba yake ya simu nilichukua. Jana jioni ameniambia rangi imekauka, ni Jumamosi hii, saa mbili. Nimeshahamisha vitambaa vya wateja wawili hadi Jumatatu, na mtoto amelala na viatu vyake vya kufunika vidole pembeni ya mto.