Uzoefu wangu na .co.tz: niliambiwa "mama, wewe uza kahawa"

Naandika bado nina hasira. Nimesubiri muda mrefu zipoe hazijapoa kwa hiyo naandika hivyo hivyo, na kama una biashara ndogo yenye jina la .co.tz, yaani domeni, ile anwani ya tovuti na imeli yako, naomba usome mpaka mwisho, maana inawezekana hata wewe hilo jina unaloliita lako sio lako.

Mimi nakaanga kahawa hapa Moshi. Sio kiwanda, ni wanafamilia watatu na mashine moja, kahawa inatoka kwetu Kibosho na kwa majirani, tunakaanga tunapaki tunapeleka kwenye maduka ya wageni hapa mjini na Arusha. Wageni wakishuka mlimani wananunua paketi mbili tatu, wakifika kwao ikiisha wanaandika imeli wanataka nyingine. Hiyo imeli ndo biashara yenyewe jamani. Nyuma ya kila paketi nimechapisha anwani ya tovuti na ya imeli, na paketi zinachapishwa kwa maelfu, hakuna mtu wa kukuchapishia hamsini, ukishaliweka jina pale umeliweka.

Sasa mwaka jana hivi, masika yanaelekea kuisha, imeli zikakata. Siku ya kwanza sikushtuka, nikajua mtandao unasumbua kama kawaida yake. Kumbe zilikuwa zimekata kitambo. Kuna dada mmoja wa Ujerumani huwa anachukua kilo arobaini kwa mpigo kwa ajili ya watu wa kanisani kwao, akanitafuta kwa kupitia mwongozaji aliyempandisha njia ya Machame, anauliza mbona kila akiandika imeli inamrudia na tovuti haifunguki, nimefunga biashara? Kilo arobaini. Nikafungua mwenyewe kwenye simu, kweli, hamna kitu, anwani haipatikani.

Nikampigia kijana aliyenitengenezea tovuti. Simtaji jina wala ofisi yake, niseme tu yuko Arusha, na nimekuwa nikimtumia hela kila mwaka kwa simu tangu tuanze naye, miaka kama sita, na kila mwaka ananijibu "tayari mama". Hata mwaka huo nilituma na akajibu tayari, meseji ninayo mpaka leo. Simu hapokei. Siku mbili hapokei. Siku ya tatu nikapanda Coaster asubuhi, Boma Ng'ombe, KIA, Usa River, Tengeru, foleni yote hiyo, nafika kwao nimebeba cheti cha BRELA, TIN, leseni ya biashara na karatasi za miamala nimezichapisha kabisa ili tusibishane. Nimekalishwa kwenye benchi karibu saa nzima. Anatoka ana simu sikioni, nikaanza kumweleza na kumnyooshea makaratasi, hakuyashika hata, akaniangalia akasema:

"Mama, wewe uza kahawa. Haya mambo ya mtandao tuachie sisi."

Na vijana wawili waliokuwa kwenye kompyuta wakacheka.

Mimi nimemzidi umri yule, angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Shikamoo hakunipa, nikasema sawa, dunia imebadilika. Lakini kumwambia mtu arudi kwenye kahawa yake kana kwamba kahawa ni kazi ya wasiojua kitu, hapana. Kukaanga kahawa ni kazi ya kusikiliza na kunusa, ukipitiliza nusu dakika umeunguza jasho la watu waliochuma punje moja moja. Na mimi siku ile sikwenda kuuliza mambo ya mtandao, nilikwenda kuuliza mali yangu iko wapi.

Halafu ndo akaniambia lile kubwa. Domeni iko kwenye akaunti yao, kuna "deni la hostingi", yaani la kuhifadhi tovuti, nilipe laki mbili na nusu ndo waiachie. Deni gani? Toka lini? Kulipia .co.tz mwaka mzima ni kama hela ya kuku mmoja au wawili wa kienyeji, na mimi nilikuwa nimelipa. Nikatoka pale naona giza. Kwenye gari la kurudi sikuongea na mtu mpaka stendi ya Moshi.

Nyumbani nina mpwa wangu anasoma kompyuta. Nikamsimulia, akachukua laptopu akafungua whois ya .tz, ni ukurasa tu unaandika jina la domeni unaletewa taarifa zake, bure, mtu yeyote anaweza. Akaniita, "Mamdogo njoo uone." Pale kwenye mwenye jina limeandikwa jina la ofisi ya yule kijana. Kwenye anayesimamia, yule kijana. Kwenye msajili, yaani anayeandikisha majina, kampuni nyingine kabisa ya Dar ambayo sijawahi kuisikia. Mimi sipo. Biashara yangu haipo. Miaka sita nalipa na sipo popote!

Kwa waliokulia uchagani nitawaeleza hivi: ni kama umelima kihamba cha baba yako miaka sita, umepanda migomba, umepalilia, halafu siku moja unaambiwa hati ina jina la kijana aliyekuja kupima mipaka. Babu yangu alipeleka kahawa chama cha msingi enzi za KNCU, ule ushirika wa tangu 1933, hakuwa amesoma, lakini hata akipeleka kilo tano ziliandikwa kwenye daftari kwa jina lake yeye, sio la aliyembebea gunia. Mimi niliyesoma nimeshindwa na babu, na sio kwa sababu sikutaka kuandikwa, ni kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia kuna daftari.

Mpwa wangu ndo akanifundisha usiku ule, na naandika alivyonieleza maana nilitakiwa nielezwe na niliyekuwa namlipa. Hizi herufi mbili tz ni za nchi, zimetoka kwenye orodha ya kimataifa ya alama za nchi, na .tz iko kwenye intaneti tangu 1995. Zamani ilisimamiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, halafu 2006 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na chama cha watoa huduma za intaneti wakaunda tzNIC kwa kazi hiyo. Daftari ni moja tu, lakini mwenye daftari hakuuzii wewe mkononi, unapita kwa wasajili walioidhinishwa. Na kijana wangu hata msajili hakuwa! Alikuwa dalali tu, ananunua kwa msajili wa Dar ananiuzia mimi. Programu ya hilo daftari inaitwa FRED, imetengenezwa na Wacheki kwa ajili ya .cz yao, na ndani yake mwenye jina na msajili ni vitu viwili tofauti kabisa, kila kimoja kina mstari wake. Kwa hiyo mfumo ulikuwa na nafasi ya jina langu muda wote huo. Ni mtu alikaa akaandika lake.

Nikasema basi nashtaki kwa wakubwa wa dunia, ICANN, lile shirika la majina ya intaneti. Nimekaa mpaka saa sita usiku natafuta pa kuandika malalamiko, nikakutana na maelezo yao wenyewe kwamba majina ya herufi mbili za nchi hawana mamlaka nayo, kila nchi ina taratibu zake. Sawa. Nikasema basi nahamia kwa msajili mwingine. Mpwa akasema kuhama kunahitaji namba ya siri ya uhamisho, na hiyo namba inatoka kwa msajili au inatumwa kwenye imeli ya mwenye jina. Imeli ya mwenye jina ni ya nani? Ya kijana. Cheti cha BRELA je? Cheti kinasema jina la biashara ni langu, hakisemi domeni ni yangu, hayo ni madaftari mawili hayaongei.

Usiku huo huo kwa hasira nikanunua .com. Dakika kama tano, kadi yangu, imeli yangu, jina langu. Nikaandika kwenye grupu la familia kwamba .tz basi, kwaheri, na wiki nzima kila niliyekutana naye nilimwambia asinunue .co.tz kabisa, wauza viungo, wenye hosteli, mama mmoja wa batiki pale Mbuyuni, wote niliwaambia. Nilikuwa hata nataka kuandika hapa kwamba .tz haifai.

Nimebadilika, na sio kwamba hasira imeisha. Nilipotulia nikajiuliza, hivi kama miaka ile kijana angeninunulia .com kwenye akaunti yake si ingekuwa hivi hivi? Na tena ingekuwa mbaya zaidi, maana mpwa alinionyesha whois ya .com siku hizi, majina mengi yamefichwa, tangu ile sheria ya faragha ya Ulaya ya 2018 ukitafuta unakuta mwenye jina hajaandikwa. Ningekaa naambiwa "ni lako mama" nisiwe na pa kuhakikisha. Daftari la .tz ndo lililonionyesha ukweli kwa dakika moja. Kwa hiyo siwezi kulichukia. Lakini papo hapo nauliza, kama mnajua madalali wamejaa na wanaandika majina yao, kwa nini mtu asipate hata meseji moja kwenye simu kwamba jina fulani limesajiliwa, mwenyewe ni fulani? Kitambulisho tunatoa hata kwa laini ya simu, na alama za vidole juu!

Sasa muda ulikuwa unakimbia. Jina likiisha muda halifutwi siku hiyo hiyo, linatolewa kwanza hewani, ndo maana tovuti na imeli zilikufa, halafu baadaye linafutwa kabisa na hapo yeyote anaweza kulichukua, akalipa akawa yeye. Na paketi zangu zaidi ya elfu mbili zimelala stoo na hilo jina. Kila asubuhi nafungua whois kama mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa.

Nikapiga simu kwa yule msajili wa Dar. Akapokea dada mmoja, na hapa niseme ukweli, alinisikiliza. Hakunikata, alisema pole, akaniambia wazi kwamba hawezi kubadilisha mwenye jina bila barua ya aliyeandikwa, na kwamba sheria hiyo hiyo inayonikera leo ndo itakayonilinda kesho mtu akija kudai jina langu. Nilinyamaza. Alikuwa sahihi na sikutaka awe sahihi.

Ikabaki kumpata kijana asaini. Hapo haikusaidia BRELA, haikusaidia TIN wala meseji za miamala. Kilichosaidia ni kwamba baba yake mdogo tunasali naye. Nilimfuata mzee Jumapili baada ya ibada nikamweleza, sikuongeza neno, ila ile ya "wewe uza kahawa" nikairudia kama ilivyo. Mzee aliinamisha kichwa. Jumatano kijana alikuwa Moshi, sebuleni kwa baba yake mdogo, akasaini barua, shikamoo akanipa, laki mbili na nusu haikutajwa tena. Ndani ya siku chache dada wa Dar akabadilisha, nikalipia mwenyewe, jina likarudi hewani. Mimi nilitegemea dakika ileile imeli zifunguke, haikuwa hivyo, kwenye simu yangu ilifunguka jioni, kwa wengine kesho yake.

Na hiyo ya baba mdogo ndo inaniuma kuliko zote. Nimefurahi jina limerudi, ndio, lakini mgeni aliyetoka Singida kufungua duka lake Arusha asiye na baba mdogo wa mtu wa kumfuata kanisani afanyeje? Alipe laki mbili na nusu?

Imeli za wiki kama tatu zimepotea, zilirudi kwa waliozituma na wengi hawakuandika tena. Dada wa Ujerumani alirudi, akachukua kilo ishirini na tano, nyingine alishanunua kwingine. Paketi zangu zipo, sikubandika stika juu yake. .com nimeiacha inaelekeza kwenye .co.tz maana wageni wengine wanakosea, kuna mmoja aliandika .co akasahau tz, na .co ni ya Colombia. Nikiulizwa leo ninunue .co.tz ninasema nunua, ila kaa wewe mwenyewe mbele ya kompyuta, jina lako, simu yako, na imeli isiwe ya domeni hiyo hiyo maana ikizima hata namba ya siri hutaiona. Halafu fungua whois usome kwa macho yako. Kesho kutwa labda nitasema usinunue, sijui, inategemea nimeamkaje.

Leo asubuhi nilikuwa nasubiri mashine ipate moto nikakumbuka shemeji yangu ana shule kule Rau, ana jina la .sc.tz, na alitengenezewa na kijana huyu huyu, mimi ndo niliyewaunganisha. Nikafungua whois. Mwenye jina: ofisi ya kijana. Linaisha muda mwezi ujao. Nimempigia shemeji hajapokea, yuko darasani, nafunga hapa namfuata.