Uzoefu wangu na gari linalosoma mistari ya barabara mkoani Tabora

Gari langu ni la mtumba kutoka Japani. Nyuma ya kioo cha mbele lina kamera mbili zinazosoma mistari ya barabara, na gari likianza kuacha njia yake, usukani husukumwa kidogo ili lirudi. Si gari linalojiendesha, kwani dereva akiuachia usukani hukumbushwa mara moja, tena kwa Kijapani. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wa mikoa ya magharibi wanaofikiria kuagiza gari la namna hii, kwa sababu wauzaji hawaelezi jambo la msingi: nusu ya mfumo huu imo ndani ya gari, na nusu nyingine inatakiwa iwepo barabarani.

Kati ya Tabora na Nzega, pale ambapo rangi nyeupe haijafifia, umefanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia. Alama ya mistari miwili kwenye dashibodi hugeuka kijani, usukani ukawa mzito kidogo mkononi, na usiku, taa za lori linalokuja zinapokufumba macho, ule msukumo wa kukurudisha upande wako una thamani kubwa. Wajapani nao huendesha kushoto, hivyo hakuna kilichohitaji kubadilishwa. Tatizo ni vijijini. Ukishusha mwendo hadi kilomita 50 kwa saa kama sheria inavyotaka, mfumo, ambao kwenye gari langu huanza kazi kwenye kilomita 60 hivi, hujizima, yaani hukuacha palepale penye baiskeli za mkaa, mikokoteni ya ng'ombe na wanafunzi wanaovuka. Msimu wa mvua ni mbaya zaidi, kwa kuwa matope yanayotoka mashambani na matairi ya trekta hufunika mstari wa pembeni. Kuna mahali gari liliuchukulia ukingo wa kiraka cha lami mpya kuwa ndio mstari, likaanza kunivuta kuelekea begani mwa barabara, nami nikalirudisha kwa nguvu.

Kwamba gari la namna hii linaitegemea barabara si jambo jipya. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1991 iliagiza ujengwe mfano wa barabara kuu ya magari yanayojiendesha, na Agosti 1997 magari yalionyeshwa San Diego yakifuata sumaku zilizofukiwa kwenye lami. Muda mfupi baadaye serikali ikaacha kuugharamia mpango huo. Japani haikuacha. Huko Eiheiji, tangu Mei 2023, vigari visivyo na dereva hubeba abiria kwa mwendo usiozidi kilomita 12 kwa saa, vikiongozwa na waya uliofukiwa njiani. Mwaka 2025 yakaanza majaribio ya kuyatengea malori yanayojiendesha njia yao nyakati za usiku, kwenye kipande cha kilomita kama 100 cha barabara kuu ya Shin-Tomei.

Kwetu, sehemu ya bei ya kila lita ya mafuta huenda Mfuko wa Barabara, na kazi kubwa ya mfuko huo ni matengenezo. Sioni haja ya fedha hizo kununua sumaku za kufukia Nyahua au Urambo, maana sumaku humfaa mwenye gari linaloweza kuzisoma tu, ilhali rangi iliyochanganywa na chembe za kioo zinazoakisi mwanga, ikipigwa upya kabla haijafutika, humfaa hata dereva wa Fuso asiye na kamera yoyote. (Wanaotutabiria malori yasiyo na dereva wangeanza na ndoo ya rangi.)

Kabla ya kulipa, uliza habari za kioo cha mbele. Jiwe likikipasua, kioo kinachopokea kamera ni ghali kuliko cha kawaida, na baada ya kukibadilisha kamera lazima zipimwe upya kwa vifaa maalumu. Hapa Tabora mjini bado sijampata fundi mwenye vifaa hivyo. Ambaye safari zake nyingi ni za barabara za vumbi za ndani ya Sikonge au Kaliua asiongeze hata shilingi kwa ajili ya kamera hizi. Anayekwenda Nzega na Singida mara kwa mara, hasa usiku, aongeze.