Siku mbili Rungwe: Ngosi, Daraja la Mungu na mbalaga ya Tukuyu

Mimi na wifi yangu tulikwenda Rungwe, mkoani Mbeya, mwezi wa saba kwa siku mbili, tukiongozwa na kijana aliyezaliwa hukohuko. Naandika hasa kwa wanaouliza kama kuna haja ya kulipa mwongozaji. Ipo, tena kubwa.

Siku ya kwanza ilikuwa Ziwa Ngosi. Tulipanda kosta asubuhi na mapema stendi ya Nane Nane, Mbeya, tukashuka Mchangani, bodaboda zikatusogeza hadi karibu na msitu. Baada ya hapo ni miguu. Mwanzo njia ni laini, lakini kadiri unavyokaribia juu inasimama wima, matope yanateleza hata kiangazi, unajivuta kwa kushika mizizi. Wifi alivaa raba za mjini, akaanguka mara tatu. Kijana akamkatia fimbo, akamwambia, "Dada, usitazame kileleni, tazama unapokanyaga." Hakuanguka tena. Ukifika ukingoni, msitu unakatika ghafla na ziwa liko chini kabisa, ndani ya shimo la volkano, limezungukwa na kuta za miti. Ukungu ulipokuwa ukipita, maji yaligeuka kijani, kisha buluu, kisha karibu meusi. Wazee wanasimulia kwamba mle ndani kuna nyoka mkubwa, naye ndiye anayebadilisha rangi hiyo. Tulikaa pale karibu saa nzima bila kusemezana. Nilitaka kushuka hadi majini, kijana akakataa katakata kwa sababu udongo ulikuwa umelowa. Namshukuru kwa hilo.

Wakati wa kurudi alituambia habari za kipunji, kima wa misitu ya Mlima Rungwe na Hifadhi ya Kitulo. Wanasayansi walimtambua mwaka 2003 na kumtangaza 2005, wakati Wanyakyusa, wenyeji wa huko, walikuwa naye siku zote, na jina hilo limetoka kwao. Hatukumwona, ila tangu hapo nilianza kumuuliza kijana kila kitu: mti huu mnauitaje, jani hili linatibu nini. Alikuwa na jibu, na pale alipokosa alisema atamuuliza babu yake.

Siku ya pili gari tulilokodi lilichelewa saa mbili nzima na dereva hakupokea simu. Kwa hiyo Kijungu, pale Mto Kiwira unapotumbukia kwenye shimo la mwamba na kupita chini kwa chini, tulikiona harakaharaka. Daraja la Mungu tulilifaidi zaidi. Ni mwamba wa lava iliyopoa, umejikunja juu ya mto kama vile umejengwa na mtu kwa mikono, na watu wanapita juu yake.

Lakini kilichonikaa moyoni ni chakula cha mchana. Kijana alitupeleka nyumbani kwa mama mmoja karibu na mashamba ya chai. Tulimenya ndizi wenyewe huku mikono ikinata utomvu, mama akatucheka na kutupaka mafuta. Mbalaga, yaani hizo ndizi, ikapikwa na nyama, pembeni maziwa mgando na parachichi nililokata kwa kijiko kama siagi. Alitufundisha kusema "ndaga fijo", asante sana, na kila tulipokosea alitusahihisha kwa upole hadi tukapatia. Hakuna hoteli itakayokupa mlo wa namna hiyo.

Mkienda, kubalianeni mapema kama nauli, kiingilio na chakula vimo kwenye bei au mnalipa kando, maana vivutio vingine vina malipo yake. Bebeni sweta nzito na koti la mvua hata kama jua limewaka; Julai usiku tulilala na mablanketi mawili. Viatu viwe vya kushika udongo.

Wifi ameshampigia kijana yule. Januari, maua ya Kitulo yakichanua, tunarudi naye.