Mwanza Mezani: Pa Kula Sato, Pa Kunywa na Pa Kutazama Ziwa

Habari zenu, watazamaji, na karibuni tena. Leo ninachambua mahali pa kula na kunywa katika Jiji la Mwanza na maeneo ya kandokando ya Ziwa Victoria, na ninaanza na hukumu yangu ili asiye na muda aipate mapema: hapa Mwanza samaki mtamu na mandhari nzuri mara nyingi havikai meza moja, na mgeni anayelazimisha vikae pamoja huishia kulipa bei ya mandhari kwa samaki wa kawaida.

Nenda mchana Kirumba, jirani na soko la Mwaloni. Soko lenyewe linajulikana zaidi kwa samaki wakavu, yaani dagaa, kayabo (sangara aliyekaushwa kwa chumvi) na sangara wa moshi, ambao hupakiwa kwenye magari kwenda mikoani na hata Kongo, lakini pembeni yake mama lishe wanakaanga sato ambaye hoteli nyingi za mjini hazimfikii. Usiagize ukiwa umekaa. Simama, uende jikoni, uombe kuonyeshwa samaki akiwa bado mbichi: jicho liwe angavu na limetuna, shavu ukilifunua ndani pawe pekundu, na ubavu ukiubonyeza kwa kidole nyama irudi mahali pake. Bei uiulize wakati huohuo, kabla samaki hajaingia kwenye mafuta, maana akishakaangwa huna tena cha kupatana. Mpishi atampiga mikato ubavuni, atampaka chumvi na ndimu, kisha atamwacha kwenye karai mpaka mapezi yawe makavu ya kuvunjika mdomoni. Ugali wa muhogo ukiwepo uchukue huo, kwa sababu ule mvuto wake unashika mchuzi kuliko sembe. Siwafichi: viti ni vya plastiki, moshi upo na nzi wapo, kwa hiyo anayehitaji kitambaa cha mezani aje mjini kati.

Ukubwa wa samaki nao ni kipimo cha mahali unapokula. Kanuni za uvuvi haziruhusu kuvua sato aliye chini ya sentimita 25, na sangara haruhusiwi akiwa chini ya sentimita 50. Kwa hiyo ukiletewa sato anayelingana na kiganja chako, jua kwamba jiko hilo linanunua kwa watu wasiopaswa kuvua, na mimi hapo sirudi. Sangara ana mafuta mengi, ndiyo maana ninamshauri mtazamaji amle akiwa amechomwa au kwenye supu yenye ndimu nyingi. Vilevile msidharau mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa kwa ajili ya kuuzwa nje, kwani nyama iliyoganda kwenye uti wa mgongo ndiyo yenye ladha, ilimradi iwe imekaangwa siku hiyohiyo.

Jambo moja huwashangaza wageni, na hata wenyeji wengine. Sangara, pamoja na sato huyu mkubwa tunayemjua leo, waliletwa ziwani humu enzi za Waingereza, kuanzia miaka ya 1950. Samaki waliokuwa wakiliwa hapa tangu zamani ni ngege, ningu, furu na kamongo. Mwenye hamu ya kula historia ya ziwa hili asitafute jengo la kale, aulize kama siku hiyo kuna ningu, na akiambiwa yupo, aombe achemshwe kwa nyanya na kitunguu tu bila viungo vingi.

Dagaa nao wana kalenda yao. Huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo giza linapokuwa totoro ndipo wanapofuata mwanga, na mwezi mpevu ukiwaka uvuvi hudorora. Anayepanga safari kwa ajili ya dagaa wabichi wa kukaanga aangalie mwezi kwanza. Kwa dagaa wakavu, chagua waliokaushwa juu ya chanja, kwa sababu wale wa kuanikwa chini utawasafisha mara tatu na mchanga bado utausikia kwenye meno.

Sasa twende kwenye mandhari. Jioni mahali pangu ni Capri Point, na hasa baraza la Hotel Tilapia, ambapo maji yako chini yako na Kisiwa cha Saanane, ambacho ni hifadhi ya taifa, kiko mbele ya macho. Ninapendekeza ufike mapema kabla jua halijazama, uagize kinywaji na kitu kidogo cha kutafuna, na mlo mkubwa uwe umeshaumaliza Kirumba. Wenye familia watafurahia zaidi Malaika Beach Resort, upande wa Ilemela, kwa kuwa kuna nafasi ya watoto kukimbia. Hoteli za mjini kati zinafaa kwa mkutano na kifungua kinywa. Kwa samaki siwezi kuzisifia.

Kuhusu baa, mgeni wa Mwanza afahamu mpangilio wake ili asigombane na mtu. Katika baa nyingi kaunta ya vinywaji ni biashara ya mmoja na jiko la nyama ni la mwingine, hivyo bili zitakuja mbili, na malalamiko ya nyama ngumu hayamhusu aliyekuletea bia. Nyama choma huuzwa kwa kilo: nenda mwenyewe buchani, uonyeshe kipande unachotaka, usimame mpaka kipimwe, kisha urudi kwenye kiti. Mhudumu akikuuliza "ya moto au ya baridi?" hakutanii, kwani wapo wateja wengi wanaoipenda bia ambayo haijaingia kwenye friji. Mimi hunywa Balimi, ambayo ni bia ya Kanda ya Ziwa, na ninaitaka baridi. Maeneo ya Nyegezi, Nyakato na Igoma yana baa nyingi za namna hii, na bei zake ni nafuu kuliko za ufukweni, ingawa muziki wa wikendi hauruhusu mazungumzo.

Kwa wapenda mambo ya kale, nyumba ya Gunzert (aliyekuwa mtawala wa Mwanza) ya enzi za Wajerumani, walioanzisha kituo chao hapa mwaka 1892, hutazamwa kwa nje ukiwa njiani. Nusu siku yako ni bora uitumie Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, na ukirudi upitie soko lolote kutafuta michembe na matobolwa, viazi vitamu vikavu ambavyo hoteli kubwa haziviweki kwenye orodha ya chakula. Matobolwa na chai ya maziwa ni kifungua kinywa kamili.

Nje ya mji, Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limeirahisishia safari ya Sengerema na Geita kwa wenye magari, lakini mimi bado napendelea kivuko cha Kamanga, ambacho huanzia karibu na Mwamba wa Bismarck. Anayefika Bukoba aombe rubisi, pombe ya ndizi mbivu zinazokamuliwa kwa miguu ndani ya mtumbwi wa mbao pamoja na nyasi, kisha huchachushwa kwa mtama uliokaangwa. Inywe ikiwa changa, siku ya kwanza au ya pili, kwani baadaye huwa kali na chungu. Gongo siipendekezi popote, ni haramu kisheria na hujui imepikwa na nini. Wenye kufika msimu wa senene, wale panzi wanaoliwa, hasa Novemba na Desemba, wanunue waliokwisha kunyonyolewa mbawa na miguu, maana kazi hiyo humaliza jioni nzima.