Tathmini ya lscpu: Kupima Kache ya Prosesa Kabla ya Kugusa Mipangilio ya Memori

Programu ya lscpu, inayokuja na kifurushi cha util-linux, ndiyo ninayoifungua kwanza ninapotaka kujua ukubwa wa kache ya prosesa (memori ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa) kwenye Linux. Haihitaji nywila ya msimamizi, na jibu lake hutoka papo hapo, kwa kuwa habari za kache huzisoma kwenye mafaili ambayo kerneli (sehemu kuu ya mfumo wa Linux) yenyewe imeyaandaa chini ya /sys/devices/system/cpu.

Kasoro yake iko kwenye muhtasari. Katika kompyuta yangu ya mkononi yenye Intel Core i5-8250U, muhtasari ulisema kache ya L2 (ngazi ya pili) ni MiB 1, nami nikaanza kukata data vipande kwa kipimo hicho ili vienee kwenye kache. Kumbe hiyo ni jumla ya viini vinne (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba), na kila kiini kina KiB 256 tu. Amri lscpu -C ndiyo inayoeleza yote, maana safu ya ONE-SIZE huonyesha kache moja na ALL-SIZE jumla yake. L3 (ngazi ya tatu) ya MiB 6 hutumiwa na viini vyote kwa pamoja.

Ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigwa inayoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine) nisingeiamini lscpu sana, kwa sababu huona kile tu ambacho kompyuta mwenyeji imekubali kukionyesha.

Watumiaji wa Windows hushauriwa mara nyingi waandike ukubwa wa kache ya L2 kwenye SecondLevelDataCache ya rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows). Ushauri huo umepitwa na wakati: ikiachwa kwenye 0, mfumo hujitafutia ukubwa huo wenyewe, na hushika KB 256 pale tu unapokosa jibu.