Kenny Rogers, 42 Ultimate Hits: uzoefu wangu na CD zake mbili

Anayetaka mkusanyiko mmoja tu wa Kenny Rogers, mwimbaji wa country wa Marekani, nyumbani achukue huu wa 2004. Una CD mbili na nyimbo 42, lakini siupendelei kwa wingi huo. Nauthamini kwa sababu ya mikataba ya kurekodi. Mwaka 1983 Rogers alihama kampuni. Lucille (1977), The Gambler (1978) na Lady (1980) alizirekodi akiwa na kampuni za United Artists na Liberty, ilhali Islands in the Stream, aliyoimba na Dolly Parton, ilitoka RCA. Ndiyo maana mikusanyiko mingi ya zamani ina upande mmoja tu, na mnunuzi akifika nyumbani anaanza kuuliza Dolly yuko wapi. Hapa pande zote mbili zimo. Zimo pia nyimbo za miaka ya bendi yake ya First Edition, kabla hajaimba kwa jina lake pekee, na Buy Me a Rose, iliyomrudisha nambari moja kwenye chati za country za Marekani mwaka 2000 akiwa na miaka 61.

Huku Nakuru wengi wanaufahamu zaidi ule wa 1980 ulioitwa Greatest Hits, wenye nyimbo 12. Ni mtamu na mfupi, na Lady ilitolewa mara ya kwanza kupitia huo. Ila Ruby na Reuben James unazozisikia humo si zile za 1969. Rogers alizirekodi upya kwa ajili ya albamu ya Ten Years of Gold ya 1977, alipokuwa na mtayarishaji Larry Butler. Ukitaka kujua unasikiliza ipi, usitegemee jina la wimbo. Tazama jina la msanii na mwaka. Rekodi ya awali huandikwa Kenny Rogers and The First Edition, na nyingine huandikwa Kenny Rogers peke yake. CD za bei ya chini ndizo za kuogopwa zaidi, kwa kuwa zinajazwa marudio ya miaka ya baadaye, sauti yake ikiwa imekwisha kukwaruza, na maelezo yamefichwa kwa herufi ndogo nyuma ya kasha. Wanaouza flashi zilizojazwa nyimbo mjini ndio usiseme: nusu ya nyimbo walizoziandika Kenny Rogers ni za Don Williams.

Shida kubwa ya mkusanyiko wenyewe ni kupanda na kushuka kwa sauti. Rekodi hizi zinachukua zaidi ya miaka 35 na studio tofauti kabisa. Just Dropped In ina gitaa lililopigwa kinyumenyume na mambo ya ajabu ya mwaka 1968. Islands in the Stream iliandikwa na ndugu wa Bee Gees, na besi yake imesukumwa mbele kwa mtindo wa miaka ya themanini. Kwenye redio ya kawaida ya mezani hutaona tofauti kubwa. Kwenye spika za matatu au za sherehe utaiona, kwa hiyo punguza besi kidogo kabla ya nyimbo za 1983 na kuendelea.

Lady ndiyo huwaumbua madijei. Inaanza kwa piano na sauti ya Rogers tu, taratibu. Dijei anadhani spika zimelala, anapandisha, kisha vinanda na ngoma vinaingia kwa pamoja na wageni wanaziba masikio. Pima sauti kwa sehemu yake nzito zaidi, kisha urudi mwanzo na uuache wimbo ujikuze wenyewe. Lionel Richie aliuandika na kuutayarisha akijua anachofanya, nao ulikaa nambari moja Marekani wiki 6.

Na tafadhali, maneno yasikilizwe kabla ya kuupeleka mkusanyiko huu kwenye harusi. Nimesikia Lucille ikipigwa bwana na bibi harusi wakiingia ukumbini, wimbo wa mke aliyemtoroka mume na kumwachia watoto wanne wenye njaa na mazao shambani! Ruby ni ya askari aliyelemaa vitani anayemtazama mkewe akijipamba kwenda mjini. Coward of the County ina ubakaji ndani yake, kwa hiyo gari likiwa na watoto iruke. Za harusi ni Lady, You Decorated My Life na, kwa wazee wanaosherehekea miaka ya ndoa, Through the Years. Bendi inayotaka kuipiga The Gambler ijue kwamba ufunguo wa wimbo unapanda nusu hatua njiani. Mpiga kinanda asipojiandaa ataachwa pale pale.

Gari lisilo na mlango wa CD litahitaji nyimbo zihamishiwe kwenye flashi, na hapo kuna mtego. Kila CD inaanzia namba 01, kwa hiyo ukizimwaga zote kwenye folda moja redio itapiga 01 ya CD ya kwanza, kisha 01 ya pili, na mpangilio wote utavurugika. Zipe majina ya 1-01, 1-02, kisha 2-01, 2-02, na kuendelea. Tumia MP3 ya kbps 256, yaani kiwango cha ubora wa sauti: nyimbo zote 42 hazitazidi MB 350, hata flashi ndogo itabaki na nafasi. Chini ya 128 vinanda vya Lady huanza kuchuruzika kama maji ya bomba bovu. Flashi ifomatiwe kwa muundo wa FAT32, kwani redio nyingi za magari hazisomi muundo mwingine.

Ukitoka Nakuru kwenda Kisumu, CD ya kwanza huisha maeneo ya Mau Summit, kutegemea malori ya Salgaa yamekubana kiasi gani. Ya pili itakuvusha Kericho.

Kilichonichosha ni nyimbo mpya zilizoongezwa ili wenye mikusanyiko ya zamani wanunue tena. My World Is Over, aliyoimba na Whitney Duncan, imeimbwa vizuri tu, lakini baada ya Lucille na The Gambler haina pa kushika. Mimi huishia kwenye Buy Me a Rose.

Ukiupata wa mtumba, fungua kasha kabla ya kulipa. Hakikisha CD ni mbili na ni za toleo hilihili, kwa sababu ya pili ndiyo hupotea. Igeuze kwenye mwanga: mikwaruzo inayotoka katikati kwenda ukingoni kwa kawaida haina madhara makubwa, ila inayozunguka kufuata mviringo wa CD ndiyo hufanya wimbo uruke. Vumbi lifute kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda nje, kamwe usizungushe.